Mrejesho: tumempata mwimbaji wa kikundi chetu cha taarab

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa namna ya kumpata mwimbaji wa kikundi chetu kipya cha taarab asilia hapa Unguja, chenye ala za udi na kanuni (zote za nyuzi), fidla mbili na ngoma ya dumbaki, nanyi mkanionya nisimpime mtu kwa wimbo alioukariri tangu utotoni. Nawashukuru kwa dhati, kwani onyo hilo ndilo lililotuokoa.

Walikuja watu 7. Kila mmoja alianza na wimbo aupendao, na hapo karibu wote walivutia. Lakini tulipowapa beti mbili ngeni, zenye mizani 16 kwa kila mshororo, na kuwaomba waziimbe katika Bayati, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ambayo sauti yake ya pili huangukia katikati ya vibonye vya kinanda, wanne walipotea kabla ya kufika kwenye kibwagizo.

Aliyetuteka nyoyo ni mama mmoja aliyezoea kusoma kasida maulidini. Alifumba macho, akafuata mapigo ya dumbaki kwa kidole gumba juu ya goti, akamwacha mpiga fidla amalize kipande chake ndipo akaingia, na kila neno likasikika hadi irabu ya mwisho. Kisha alituomba tuushushe wimbo kidogo, jambo lililonifurahisha mno, maana mwimbaji ajuaye mipaka ya koo lake hulitunza.

Pumzi yake bado haitoshi kwa mishororo mirefu, hivyo tumekubaliana kufanya mazoezi kila Jumanne na Alhamisi, baada ya Alasiri.