Shela: miunganisho inakwama usiku, CPU ya faiawali inasoma 27% tu

FundiMkomani
Asalaam aleikum mafundi. Hoteli ya vyumba 14 hapa Shela, Lamu, ina MikroTik hEX (RB750Gr3). Ndiyo ruta, ndiyo faiawali (kichujio cha data inayopita), kanuni kama 60, na intaneti inaingia kwa PPPoE (njia ya kuunganishwa na mtoa huduma kwa jina na nywila). Kuanzia saa 2 usiku kurasa mpya hazifunguki, kivinjari kinasubiri mpaka muda unaisha. Aliyeanza video mapema anaendelea vizuri. Ping kwenda kwenye ruta ni safi, na grafu ya CPU haivuki 27%, kwa hiyo faiawali nimeitoa kwenye hesabu. Nilishuku jedwali la miunganisho limejaa, nikashusha tcp-established-timeout (muda ambao ruta inakumbuka muunganisho ulionyamaza) kutoka siku 1 hadi dakika 5. Sasa SSH na programu ya mapokezi zinakatika hata mchana zikikaa kimya. Nianzie wapi?

BintiLangoni
Waaleikum salaam. Faiawali irudishe kwenye hesabu. hEX ina cpu0 hadi cpu3, na hiyo 27% ni wastani wa zote nne. Moja ikielemewa hadi 100% na tatu zimelala, wastani ni 25%. Tena grafu ya ndani ya ruta huandika wastani wa dakika 5, kishindo cha sekunde 20 hakionekani humo kabisa.

Saa 2 usiku ikifika, fungua terminali:

`/system resource monitor`
`/tool profile cpu=all`

Ya kwanza inakupa mzigo wa kila CPU, ya pili inakutajia kazi inayoila. Ikitaja firewall, tazama mpangilio: pakiti (kipande cha data) hushuka kanuni moja moja mpaka ikutane na inayoihusu, kwa hiyo ya established,related (miunganisho iliyokwisha kufunguka) ikae juu, siyo ya 45. Ikitaja dns, ruta yako huenda inajibu maswali ya DNS (kutafuta anwani ya tovuti kwa jina lake) ya watu wa nje. Hutokea pale allow-remote-requests=yes imewashwa na kanuni ya asili ya kuzuia input (pakiti zinazoijia ruta yenyewe) isiyotoka LAN (mtandao wa ndani) imefutwa. Funga hivi:

`/ip firewall filter add chain=input in-interface=pppoe-out1 protocol=udp dst-port=53 action=drop`

Rudia kwa tcp, kisha zipandishe zote mbili juu ya kanuni nyingine za input.

MzeeWaKebo
Mwanangu, hiyo dakika 5 iondoe leo hii. Muunganisho mpya usiofunguka ni ugonjwa mmoja, wa zamani unaokatwa ukinyamaza ni mwingine, na huu wa pili umeletwa na hiyo dakika 5. RFC 5382 (mwongozo wa kiufundi wa intaneti) inataka NAT (kazi ya ruta ya kugawia wengi anwani moja ya nje) isifute muunganisho wa TCP uliotulia kabla ya kupita muda wa saa 2 na dakika 4, kwa sababu keepalive (pakiti ya kusema bado nipo) ya kompyuta nyingi huja kila baada ya saa 2. Ukitaka kupunguza siku 1, weka 02:10:00, usishuke zaidi. Kuhusu jedwali kujaa, usibahatishe: `/ip firewall connection tracking print`, linganisha total-entries na max-entries.

Fasttrack (njia ya mkato ya pakiti ndani ya ruta) usiikimbilie kama unagawa kasi kwa simple queue (foleni za kugawa kasi). Pakiti zake hazipiti kwenye foleni hizo, na mgeni mmoja atameza laini nzima.

Kisha `/interface ethernet print stats`, soma rx-fcs-error (hesabu ya data iliyofika imeharibika). Chumvi ya huku kwetu haina huruma na RJ45, kichwa cha kebo ya mtandao. Chomoa kichwa ukimulike kwa tochi: vile vipini 8 vikiwa na kutu ya kijani, kata, piga kichwa kipya. Namba hiyo ikiwa inapanda, hakuna kanuni ya faiawali itakayoitibu.

FundiMkomani
Shukrani sana dada, na wewe mzee wangu. cpu2 ilikuwa 98%, dns karibu yote. Kanuni mbili zimeingia, kaunta ya udp inapanda kila sekunde, cpu2 imeshuka hadi 11% na kurasa zinafunguka. Timeout ni 02:10:00, rx-fcs-error ni 0. Nifuatilieje ili nisidanganywe tena na wastani?

BintiLangoni
Washa SNMP (njia ya kusoma hali ya ruta kwa mtandao), usome namba 1.3.6.1.2.1.25.3.3.1.2 kila sekunde 30. Hapo kila CPU ina mstari wake. Tahadhari iwekwe kwa CPU yoyote moja itakayokaa juu ya 85% kwa dakika 2. Chora na total-entries kando yake. Na hiyo community ya public (neno la kuingilia SNMP) ifungie kwenye IP ya kompyuta inayopima tu, usije ukafunga poti 53 ukaacha 161 ya SNMP wazi.