Tapeti za rola kwa V8 ya boti: haidroliki, solidi, au zibaki bapa?

nahodha_kgm (Kigoma)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ulinganisho wa kifundi, siyo wa kwenye matangazo. Injini ni MerCruiser V8 lita 5.7 ya petroli, boti ya mwendo kasi inayopeleka wageni Gombe na mara mojamoja Mahale. Kemshafti (shafti inayofungua valvu) imekwisha: lobu mbili (vile vilima vyake) zimelika na tapeti zake (vipande vinavyokaa juu ya lobu na kupeleka msukumo kwenye valvu) zimechimbika chini. Bloku zipo mbili. Moja ni ya mwanzoni mwa miaka ya 80, ya tapeti bapa (zenye uso tambarare). Nyingine ni Vortec, toleo jipya zaidi la V8 hii, ina sehemu za kukalisha vishikizo vya rola (tapeti zenye kigurudumu chini). Kazi yake ni kukaa 4,000 hadi 4,400 rpm (mizunguko kwa dakika) muda mrefu, kisha kunyata taratibu karibu na ufukwe. Tufunge nini: bapa mpya, rola za haidroliki (zinazojirekebisha kwa oili) za kiwandani, rola za kuunganishwa kwa upau kwenye bloku ya zamani, au solidi (zisizojirekebisha) kabisa?

fundi_kibirizi
Vortec, rola za haidroliki. Angalia boti inavyoishi: inaegeshwa siku kadhaa, oili yote inachuruzika kutoka kwenye lobu, halafu inawashwa na muda si mrefu inaminywa. Tapeti bapa inasugua lobu moja kwa moja. Kinachoiokoa ni kuzunguka. Lobu imechongwa na mshazari kidogo na uso wa tapeti umebinuka kidogo ili izunguke. Ikigoma kuzunguka, lobu haimalizi muda. Hayo machimbiko uliyoyakuta ndiyo dalili yake.

Rola inabingirika, kwa hiyo lobu inaweza kuchongwa ifungue valvu haraka bila kurefusha muda wa valvu kuwa wazi. Kwenye boti hilo lina uzito wake. Kemshafti inayoziacha valvu za kuingiza na za kutoa moshi wazi pamoja kwa muda mrefu huvuta maji ya egzosi yarudi kwenye silinda injini ikiwa sailensa (inazunguka taratibu bila mzigo). Ndiyo maana kemshafti ya gari la mashindano haifai kuhamishiwa kwenye boti hata kama inaingia.

Halafu usikimbilie kemshafti kubwa kwa sababu injini "haina nguvu". Ziwa letu la Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa asilimia 7 hivi. Mara nyingi dawa ni propela yenye pichi ndogo zaidi (inayosonga mbele kidogo kwa kila mzunguko), siyo kemshafti.

v8_unyanyembe (Tabora)
Natofautiana kidogo na fundi. Solidi za rola zimesemwa vibaya mno humu. Haina pistoni ndogo ya ndani wala oili ya kujaa, kwa hiyo ukipita 6,500 rpm inafuata lobu vilevile ilivyochongwa. Kwa gari la mashindano hakuna kinachoifikia.

Gharama yake ni hii: springi. Haidroliki ya rola inaridhika na springi ya kilo 55 hadi 65 valvu ikiwa imefunga, na kilo 135 hadi 160 ikiwa wazi. Solidi inaanzia kilo 90 ikiwa imefunga na kupita 225 ikiwa wazi. Uzito huo wote unabebwa na sindano za beringi ndani ya kigurudumu cha tapeti. Nafasi ya valvu (mwanya kati ya valvu na mkono unaoisukuma) unaipima kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya) kila baada ya saa chache za kazi, na namba inatoka kwenye karatasi ya kemshafti, mara nyingi thau (sehemu za elfu za inchi) 16 hadi 22 injini ikiwa moto. Ukipima baridi, bloku ya chuma yenye hedi za aluminiamu punguza thau 6. Kama vyote ni aluminiamu, punguza 12. Aluminiamu inatanuka na nafasi itaongezeka yenyewe ikipata moto.

Na kuna hili ambalo wengi hulipuuza: valvu moja ikianza kuongeza nafasi ghafla wakati nyingine zimetulia, usikaze nati ukaendelea. Hicho ni kigurudumu kinachokufa. Kikivunjika, sindano zinateremka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kupitia oili pampu.

fundi_kibirizi
@v8_unyanyembe hapo umemaliza ubishi mwenyewe. Beringi hizo zinategemea oili inayorushwa na kranki. Injini ikinyata 700 rpm kwa nusu saa, oili inayofika pale ni kidogo. Boti ya wageni inanyata kila siku. Kama mtu anang'ang'ania solidi, basi achukue zile zenye tundu la kupeleka oili ya presha mpaka kwenye pini, au za bushi badala ya sindano. Bado kwa kazi ya Mahale sioni faida.

Kitu kingine cha ziwa. Upepo wa kusi ukikaza, miezi ya 6 hadi ya 8, boti inaruka wimbi, propela inatoka majini na rpm zinapanda kwa kufumba na kufumbua. Springi ikiwa dhaifu, valvu inaelea, yaani haifuati tena lobu. Tapeti ya haidroliki inahisi pana nafasi, inavuta oili kuijaza, na valvu inabaki haijafunga vizuri. Utasikia injini inakosa nguvu kwa muda kisha inarudi. Watu husema "tapeti mbovu" wakati tatizo ni springi iliyochoka. Kwa hiyo springi mpya zinazoendana na kemshafti, pamoja na kikomo cha rpm kinachofanya kazi, ni sehemu ya bei ya tapeti. Usizitenganishe.

mchonga_vyuma (Ujiji)
Kuhusu bloku ya zamani: inawezekana, ila kuna mitego minne.

Kwanza, rola haitakiwi kuzunguka hata kidogo, na bloku hiyo haina pa kufunga vishikizo. Unalazimika kununua tapeti zilizounganishwa mbilimbili kwa upau. Upau uwe upande ambao karatasi ya mtengenezaji inasema, kisha zungusha kranki kwa mkono na uangalie haugusi bloku lobu ikiwa chini na ikiwa juu kabisa.

Pili, lobu za rola hazina ule mshazari. Kwenye tapeti bapa mshazari ndio unaosukuma kemshafti irudi nyuma. Ukiweka rola, kemshafti inatembea kwenda mbele, taimingi inayumba na gia ya distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi) inalika. Vortec ina sahani ya kuizuia mbele. Ya zamani inahitaji kitufe cha kuegemea kava ya taimingi, na mchezo wake uwe thau 5 hadi 10. Kava laini ya bati inapinda na kitufe kinakosa maana. Weka kava ngumu.

Tatu, mkanda wa oili kwenye mwili wa tapeti. Kwa baadhi ya kemshafti mkanda huo unachungulia nje ya tundu tapeti ikiwa juu au chini kabisa, na presha ya oili inavuja hapo. Angalia kwa macho kabla ya kufunga hedi.

Nne, pushirodi (fimbo zinazopeleka msukumo wa tapeti juu kwenye valvu). Za tapeti bapa ni ndefu, karibu inchi 7.8. Za rola za kiwandani ni inchi 7.2, na za upau huwa karibu 7.3. Anayebadili tapeti na kurudisha pushirodi za zamani atapinda kitu siku ya kwanza.

Kama Vortec ni nzima, sioni sababu ya kujitafutia hayo yote.

dada_spana (Kasulu)
Na akiamua kubaki bapa kwa sababu ya fedha? Namuongezea tu yanayotakiwa, maana wengi huharibu siku ya kwanza. Tapeti mpya kwa kemshafti mpya, hakuna kuchanganya. Pasta ya kuanzia kwenye lobu zote. Ikishawaka hakuna sailensa: 2,000 hadi 2,500 rpm, ukipandisha na kushusha, dakika 20 hadi 30. Oili yenye zinki ya kutosha. Boti ikiwa nchi kavu hakikisha maji ya kupoozea yanaingia muda wote huo, la sivyo utaunguza impela ya pampu ya maji kabla ya kumaliza kemshafti.

Rola haihitaji sherehe hiyo. Unapaka oili, unawasha, unaendelea.

nahodha_kgm
Asanteni wakuu, na dada pia. Basi ni Vortec na haidroliki. Nipeni namna ya kufunga, hasa yanayokosewa.

fundi_kibirizi
Sawa. Kipenyo cha tapeti za V8 hii ni inchi 0.842. Pima tundu na tapeti kwa maikromita. Nafasi iwe thau 1.2 hadi 2. Ikiwa kubwa zaidi, presha ya oili ya sailensa inashuka na tapeti inapiga kelele, na hakuna oili nzito itakayoponya. Kingo za matundu mara nyingi zina vijino vya chuma; viondoe kwa brashi ya kusugulia yenye oili, siyo kwa msasa mkavu. Osha bloku yote baadaye. Tapeti yenye oili iteremke kwa uzito wake yenyewe. Ikihitaji kugongwa, simama.

Kabla ya kuingiza, zungusha kila kigurudumu kwa kidole karibu na sikio. Kikikwaruza, kirudishe dukani hata kama ni kipya. Usijaribu kuzijaza oili kwa kuzibonyeza ndani ya ndoo. Oili ya nje kwenye kigurudumu na mwili inatosha. Panga vishikizo, kisha ile sahani yenye miguu juu yake, bolti tatu. Kila kishikizo kikae bapa juu ya bloku. Kikinyanyuka upande mmoja, tapeti itapata nafasi ya kugeuka, na ikigeuka kigurudumu kinakwangua lobu kama patasi.

Hedi za Vortec zina mambo yake. Zilivyotoka kiwandani, mnyanyuko (umbali valvu inaofunguka) ukipita inchi 0.460 hivi, sahani ya springi inagonga sili ya valvu. Kemshafti ya inchi 0.500 inadai gaidi (bomba zinazoongoza valvu) zipunguzwe kwa mashine. Acha thau 50 angalau kati ya sahani na sili, na thau 60 kabla koili za springi hazijagusana. Stadi (nguzo) za roka, ile mikono inayosukuma valvu, zimebanwa tu bila uzi. Springi nzito huzivuta juu, basi weka za uzi. Na roka za kiwandani hujiongoza zenyewe juu ya valvu, kwa hiyo usiziongezee sahani za kuongoza pushirodi. Viwili pamoja vinapigana.

Urefu wa pushirodi usiuchukue kwa imani. Paka ncha ya valvu wino wa maka, funga pushirodi ya kupimia, zungusha kranki mara kadhaa. Alama iwe nyembamba na karibu na katikati. Ikiwa pana au imekimbilia ukingoni, badilisha urefu.

Kuseti valvu: valvu ya kutoa moshi ikianza tu kufunguka, seti ya kuingiza ya silinda hiyo. Ya kuingiza ikifunguka kabisa na kukaribia kufunga, seti ya kutoa moshi. Kaza nati huku ukipandisha na kushusha pushirodi kwa vidole mpaka mchezo uishe, halafu ongeza nusu mzunguko. Usiutafute mwisho wa mchezo kwa kuzungusha pushirodi, maana yenye oili huzunguka hata ikiwa imeshabanwa, na utaongeza kupita kiasi. Matokeo yake valvu hazifungi injini ikipata moto na kompresheni inapotea.

mhandisi_reli (Tabora)
Nyongeza kwenye nusu mzunguko. Uzi wa 3/8 una hatua 24 kwa inchi, hivyo nusu mzunguko unashusha nati milimita 0.53. Lakini ncha ya valvu haisogei, roka inaegemea pale. Kwa roka ya uwiano wa 1.5, upande wa pushirodi unashuka karibu milimita 0.88. Mwenye kupiga hesabu kwa nati pekee akaongeza mzunguko mzima anafikisha karibu 1.8. Kwa tapeti za kawaida inavumilika. Kwa zile za safari fupi (pistoni yake ya ndani hushuka kidogo tu), zilizotengenezwa kwa rpm kubwa, umeshafika chini kabisa.

nahodha_kgm
Distribyuta ya zamani itafaa? Na oili?

mchonga_vyuma (Ujiji)
Tazama kemshafti imetengenezwa kwa nini. Ikiwa ni ya chuma cha stili, gia ya kawaida ya chuma cha kutupwa italiwa. Tafuta gia iliyotibiwa ugumu kwa ajili ya rola, au ya shaba ya bronzi ukikubali kuibadilisha mara kwa mara, maana hiyo hulika yenyewe ili iokoe kemshafti. Muulize muuza spea wa Dar kabla mzigo haujapandishwa kwenye basi. Kurudisha kitu kutoka Kigoma ni wiki nzima ya boti kulala.

fundi_kibirizi
Oili tumia daraja la kitabu cha injini, ya boti. Rola haidai zinki nyingi kama bapa.

Kabla ya kuwasha, zungusha oili pampu kwa drili ukiwa umetoa distribyuta, kuelekea mwendo wa saa, mpaka oili itoke kwenye roka zote 16. Kifaa cha kuzungushia kiwe na kola. Kwenye V8 hii mwili wa distribyuta ndio unaoziba njia ya oili ya upande mmoja wa tapeti, na fimbo tupu isiyo na kola itakuacha ukisubiri roka za upande huo zisizolowa.

Baada ya saa 5 za kwanza toa filta, ikate, tandaza karatasi yake juani na upitishe sumaku. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta kipande kinachong'aa chenye umbo la sindano, usiiwashe tena mpaka tapeti zote zitolewe.