Jengo jipya la idara tatu: je, ukumbi wa kioo na ofisi za wazi vitawakutanisha watu?

MjumbeKamati:
Wakuu, habari za kazi. Nimo katika kamati ya jengo jipya la chuo chetu litakalobeba idara za uhandisi, kilimo na takwimu, ambazo kwa sasa zinakaa mbalimbali na wahadhiri wake hukutana vikaoni tu. Msanifu ametuletea mchoro wa ghorofa sita, wenye ukumbi mkubwa wa kioo chini na ofisi zisizo na kuta juu, kila idara na ghorofa zake mbili. Anasema uwazi huo utaleta ushirikiano wenyewe. Kuna ushahidi wowote?

Rula na Penseli:
Ndugu Mjumbe, ushahidi ulio imara zaidi unahusu umbali. Thomas Allen wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, katika utafiti wake kuhusu wahandisi uliochapishwa mwaka 1977, alionyesha kwamba mazungumzo ya kikazi hupungua kwa kasi kadiri meza zinavyoachana, na zikishapita mita 50 hivi huwa ni nadra sana. Ngazi nazo ni kizuizi kikubwa, kwani hakuna anayepanda ghorofa mbili kwenda kuuliza swali dogo. Mkigawana ghorofa kwa idara mtakuwa mmeyachukua majengo yale yale matatu na kuyapandanisha.

Mstaafu wa Maabara:
Namuunga mkono aliyetangulia. Hapo hapo MIT palikuwa na Jengo Namba 20, la mbao, lililojengwa kwa haraka mwaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada, likikusudiwa kuwa la muda, lakini likadumu hadi lilipobomolewa mwaka 1998. Halikuwa na uzuri wowote. Lilikuwa na ghorofa tatu tu na korido ndefu, na kwa kuwa lilipokea kila kitengo kilichokosa nafasi kwingine, wanaisimu kama Noam Chomsky na Morris Halle walijikuta wakipishana na wahandisi wa umeme. Aliyetaka kupitisha nyaya alitoboa ukuta bila kuomba kibali cha mtu, na chumba kikiwa kidogo ukuta uliondolewa. Waulizeni wakubwa wenu kama mhadhiri ataruhusiwa hata kupigilia ubao ukutani, maana katika vyuo vyetu msumari mmoja huhitaji barua.

Bi. Takwimu:
Kuhusu ofisi za wazi, tahadharini. Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walichapisha mwaka 2018 utafiti wa makampuni mawili yaliyoondoa kuta, ambapo wafanyakazi walivaa vifaa vya kunasa mwingiliano wao. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Mtu anayeonekana na kila mmoja hujitafutia faragha kwa kuvaa spika za masikioni.

Mimi ningebakiza vyumba vyenye milango na kuzichanganya idara katika kila ghorofa. Fedha za kioo, ambacho kwa jua letu kitadai viyoyozi mchana kutwa, ningezielekeza kwenye ngazi moja pana ya katikati, yenye kivuli na upepo, na kwenye kila kituo chake kuwe na benchi, ubao wa kuandikia na soketi za umeme. Chai iwe mahali pamoja kwa jengo zima, wala pasiwe na birika katika ofisi ya kila mkuu wa idara. Hilo la birika, Ndugu Mjumbe, liandikwe kwenye mahitaji mapema, kwa sababu ndilo litakalopingwa zaidi.