Waandishi wa Kigamboni: tuendelee kuvuka au tuimarishe baraza letu?

Mvukaji

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Sisi ni waandishi saba tunaoishi Kigamboni. Wengi wetu ni washairi, na mmoja anaandika riwaya ambayo huu ni mwaka wa tatu haijaisha. Ingawa tumo ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam, kwa mambo ya fasihi tunaishi kama watu wa mji mdogo: Maktaba Kuu iko ng'ambo, barabara ya Bibi Titi Mohamed, na wachapishaji wako huko huko. Usomaji wa mashairi nao hufanyika jioni, saa ambayo mwenzetu mwenye mtoto mchanga huitazama foleni ya pantoni akaghairi. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, limewapunguzia adha wenye magari, nasi hatumo miongoni mwao. Tulijaribu kukutana wenyewe mara nne, lakini kila aliyesoma alipigiwa makofi, tukanywa chai, tukaagana. Mara ya tano tulifika watatu tu. Je, tusajili chama chenye katiba na viongozi, au tuachane na baraza, kila mtu avuke anapoweza?

Mkongwe wa Temeke

Mwanangu, msiliache. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwakutanisha kwa beti washairi wa miji mbalimbali, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa serikali, akafanya kazi Pangani na Mpwapwa, wala hakungoja kuhamia mji mkubwa ndipo aandike. Ila washairi wa zama zile hawakuoneana haya: ukikosea kina, yaani mlingano wa silabi za mwisho wa vipande, alikuwapo wa kukujibu hadharani, tena kwa shairi. Makofi yenu ndiyo yaliyowafukuza wale wanne.

Mhariri wa Sinza

Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu makofi, lakini kumjibu mwanagenzi hadharani kunaweza kumfanya asirudi tena. Katika kikundi chetu, kila mtu huleta ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo husomwa kwa sauti na mtu mwingine, si mwenyewe, kwa sababu mwenye kazi huijua njia yake na huruka mashimo bila sisi kuyaona. Mwezi uliopita kijana mmoja alileta shairi la mizani (yaani silabi) kumi na sita kila mstari, nane kila kipande, lenye mstari huu: "Usiku unapoingia, bahari huvuma sana." Msomaji alijikwaa kwenye kipande cha kwanza. Tulihesabu kwa vidole tukapata mizani tisa, na kijana mwenyewe akapendekeza "Usiku ukiingia", mstari ukakaa sawa bila mtu kumwambia kwamba hajui kutunga. Kwa riwaya, waulizeni wasikilizaji swali moja tu: ulipotea wapi?

Ndugu Mvukaji, kuhusu usajili, ngojeni kwanza. Katiba itawapa mwenyekiti na mweka hazina kabla hamjapata hadithi moja iliyokamilika. Siku mtakapokuwa na diwani ya pamoja, yaani kitabu cha mashairi yenu, namba ya ISBN ya kukitambulisha mtaiombea Bodi ya Huduma za Maktaba. Na kwa mpiga chapa, msimalizie malipo kabla ya kuona nakala ya mfano. Mimi nililipa zote mwanzoni, na vitabu vyangu vikaja vimekatwa mstari wa mwisho wa kila ukurasa, yaani vituo vyote, ile mistari ya mwisho ya beti, vimebaki sakafuni kwa mtu.

Mvukaji

Shikamoo Mzee wangu, na ahsante sana, Dada Mhariri. Nimewasiliana na wenzangu wote sita. Mama ntilie mmoja wa upande wetu wa Feri ametukubalia tutumie mabenchi yake Jumamosi baada ya saa kumi, ilimradi tununue chai, na mwenzetu mwenye mtoto atafika kwa miguu. Mwenye riwaya amegoma kusomewa na mtu mwingine, kwa hiyo ukurasa wa kwanza utakuwa wangu. Tangu jana nahesabu mizani zangu, na katika ubeti wa tatu nimeshakuta tisa.