Mbolea imepanda bei, je, nipunguze shamba la mahindi?

Wandugu, naomba ushauri. Ninalima hekta mbili za mahindi nje ya Lubumbashi, Kongo, upande wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mvua ya Novemba inakaribia, na pesa niliyoweka haitoshi tena kununua mbolea za NPK na urea. Mazuti (dizeli) nayo imepanda, basi mwenye lori anadai zaidi kwa safari ileile.

Najua chanzo kiko mbali. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ikipanda bei, urea nayo inapanda, kama tulivyoona 2022 vita vya Ukraine vilipopamba moto. Lakini bukari, yaani ugali, inaliwa hapa. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, tuliona jinsi mji huu unavyotegemea mahindi ya jirani. Ndiyo maana kupunguza shamba kunaniuma sana.

Je, nilime hekta moja niipe mbolea yote, au zote mbili kwa mbolea nusu? Nina samadi ya kuku magunia kumi, bado mbichi. Mama watoto anasema hekta moja tupande maharage na soya, yanarudisha naitrojeni, chakula cha mimea, udongoni. Nani amejaribu kwenye udongo wetu huu mwekundu? Alivuna nini?