Chuo cha "upelelezi" Tabora kimekula ada ya mdogo wangu, warudishe hela!

Wakuu, nimechefukwa na sitapepesa macho.

Dogo kamaliza kidato cha nne hapa Kigoma, toka mdogo anataka upelelezi. Likapita gari la matangazo Mwanga: njoo Tabora usome "Upelelezi na Haki Jinai", ukimaliza unaingia Polisi au Magereza moja kwa moja. Mama anauza samaki, migebuka, pale Kibirizi. Akatoa akiba yote, akakopa na kwenye kikundi, dogo akapanda treni.

Fomu ya kujiunga ilidai buti nyeusi, bereti, hela ya gwaride na hela ya "maabara ya alama za vidole". Maabara hakuna! Kuna pedi ya wino ya mhuri wa ofisi, ndiyo hiyo wanafunzi wanachovya vidole kwa zamu. Mwalimu anawasomea Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kutoka kwenye fotokopi iliyofifia. Mambo ya mshtakiwa kuafikiana na waendesha mashtaka akakiri kosa, yaliyoingizwa kwenye sheria hiyo mwaka 2019, hayamo. Huyo ndiye mpelelezi wanayemwandaa?

Nikaingia kwenye orodha ya NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Chuo kimo, ila kwa kozi za kompyuta na uhazili. Upelelezi haupo kabisa. Kusajiliwa chuo ni jambo moja, kozi kupewa ithibati ni jambo lingine, na hapo ndipo wanapowapiga wazazi hela: wanawaonyesha namba ya usajili, mzazi anaridhika.

Halafu Polisi hawachukui askari kwenye chuo cha mtu. Wanatangaza nafasi wenyewe, wanasaili, ukipita unapelekwa Shule ya Polisi Moshi, gwaride unafundishwa huko huko. Magereza nao wana vyuo vyao. Dogo angeomba kwa cheti chake cha kidato cha nne bila kulipia kozi ya mtu yeyote. Na zile nafasi zina ukomo wa umri, kwa hiyo wamekula hela na wamekula muda wake. Anayetaka sheria ya mahakamani, Lushoto pale kuna chuo cha Mahakama, astashahada na stashahada zipo.

Mama kapiga simu, kajibiwa ada hairudishwi. Mwanamke wa umri ule anakatiwa simu na kijana wa ofisini!

Wenye fomu kama hiyo Ujiji, Kasulu, Urambo, msilipe. Mliokwisha kulipa, tunzeni risiti na mnicheki inbox, tupeleke malalamiko NACTVET kwa pamoja.