Tabaini ya upepo na inveta ya sola: volti zinapaa gridi ikikatika

Swali (Igombe, Mwanza): Wakuu, tabaini ya kilowati 1 inalisha inveta ya sola ya gridi (hugeuza DC kuwa AC na kuiingiza kwenye gridi), mwisho wake volti 60 DC. Umeme ukikatika volti zinapaa. Upepo wa ziwa ukiwa hafifu, mapanga yanasitasita. Tiba ya bei nafuu?

Jibu: Inveta inatafuta nguvu kama iko kwenye paneli, inazidisha mzigo, mapanga yanapoteza kasi. Kama ina mpangilio wa upepo, jaza jedwali la volti na wati. Volti hufuata kasi ya mapanga, na nguvu hufuata kipeo cha tatu cha kasi hiyo (kasi mara mbili, nguvu mara nane): volti 25 wati 100, basi volti 50 wati 800.

Jibu: Gridi ikikatika inveta lazima ijitoe, vinginevyo mafundi wa laini watapigwa shoti. Weka mzigo wa akiba (kifaa cha kula umeme wa ziada) upande wa DC, uwake volti 55, uzime 50. Koili nzima ya jiko ya wati 1,000 ya volti 230 haisaidii: ohmu 53, kwa volti 55 inakula wati 57 tu! Ikate vipande 4 sawa, funga sambamba: ohmu 3.3, wati 900 hivi.

Jibu: Swichi ya huo mzigo iwe mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya volti 100 yenye hitisinki (bati la kupoza joto), rilei (swichi za sumaku) za AC huungulia cheche za DC. Kidhibiti kinachoiwasha na kuizima swichi hiyo kipewe betri yake.